Gakun Si Kelele

Kikao kilikuwa hakijaanza wakati wakili wa kampuni alipomvuta Kagendo pembeni ya korido. Jina lake Coetzee, mtu wa sauti laini na viatu vya kung'aa, na alizungumza kwa kunong'ona kama anayempa mwenzake siri ya mahali pa kuegesha gari bure katikati ya Marshalltown.

"Huyu fundi wa Japani ni mzee mzuri," alisema, "ila ana tabia moja. Anapenda kutoa sauti za ajabuajabu, kama mtoto anayecheza na gari la plastiki. Wewe usihangaike nazo. Akitoa sauti, sema 'kelele', tuendelee. Tutamaliza kabla ya chakula cha mchana."

"Mimi hutafsiri kinachosemwa," Kagendo alimjibu.

Wakili akacheka, akampigapiga begani, akaingia ndani. Kagendo akabaki amesimama pale korido, bega likimwasha.

Kagendo alikuwa Mmeru aliyefika Johannesburg kufundisha chuoni, na kabla ya hapo alikuwa ameishi Nagoya miaka mingi akisoma. Siku ambazo hakuwa na darasa, alifanya ukalimani kwa ofisi ya Mkenya mwenzake aitwaye Jeff. Kazi ya leo Jeff alimpa yeye kwa sababu hakuwa na mtu mwingine. Baraza la usuluhishi wa kazi lilihitaji mkalimani mmoja wa kuwahudumia watu wawili: Mrundi anayezungumza Kiswahili, na Mjapani anayezungumza Kijapani tu. Kagendo alizimudu lugha zote mbili, na Kiingereza cha kikao pia.

Na zile sauti ambazo wakili alizifananisha na mchezo wa mtoto alizifahamu vizuri. Kule Nagoya zilimpa tabu kuliko sarufi yote. Mama mwenye nyumba alimwambia chakula akifanye *chin*, naye akasimama na sahani mkononi asielewe, mpaka kengele ya maikrowevu ilipolia ndipo akaelewa kwamba chin ni kupasha moto. Mashine yake ya kufulia ilipoharibika, alimpigia simu fundi. Fundi akamuuliza swali moja tu: inafanya *katakata* au *gotogoto*? Kagendo akajibu kwamba haoni tofauti, inagongagonga tu. Fundi akaja na kifuko kidogo cha skrubu, kumbe kilichovunjika kilikuwa kitu kizito cha ndani, ikabidi arudi karakana kuchukua vifaa vingine. Katakata ni kitu chepesi kinachogonga. Gotogoto ni kizito. Watu wazima wa heshima zao, mainjinia na madaktari, walizungumza hivyo mchana kutwa, wala hakuna aliyewaona watoto.

Kwa hiyo aliingia ndani akiwa tayari amekunja uso.

Hugues, yule Mrundi, alikuwa ameketi upande wa kushoto na mkewe, Epiphanie. Hawakuwa na wakili. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti lililompwaya, na mkono wake wa kulia aliuweka juu ya paja kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa kuushika. Ngozi ya mkono huo ilikuwa imeng'aa na kujikunja, na vidole viwili havikunyooka tena. Alikuwa akifanya kazi katika kiwanda kimoja cha kufulia mashuka ya hoteli kule Doornfontein. Kazi yake ilikuwa kutandika shuka juu ya mashine ya kupigia pasi, kisha bamba la juu, zito na lenye moto wa mvuke, linashuka na kulibana. Siku moja bamba lilimshukia mkononi. Kampuni ilimfukuza kazi ikisema aliingiza mkono kwa uzembe mashine ikiwa inatembea. Hugues alikuwa amekuja kusema kwamba si kweli.

Mwenyekiti wa kikao, Bi. Mahlangu, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alimwomba Hugues aeleze kilichotokea.

Hugues akamgeukia Kagendo. "Madamu, ile mashine mimi naijua. Unatandika shuka, unaitoa mikono, ndiyo inakuja taratibu. Unapata nafasi hata ya kunyoosha kona. Siku hiyo nilikuwa nanyoosha kona kama kawaida. Pu! Juu ya mkono."

Kagendo akatafsiri: kwa kawaida bamba hushuka taratibu, na siku hiyo liliporomoka ghafla kwa uzito wake wote juu ya mkono wake.

Coetzee akainua kalamu. "Samahani, Mwenyekiti. Mimi sijui Kiswahili, lakini nina masikio. Huyu bwana alisema 'pu'. Mkalimani ametupa sentensi nzima. Hilo neno 'liliporomoka' limesemwa na shahidi, au ni la mkalimani?"

"Ndiyo maana ya alichosema," Kagendo alijibu.

"Alisema neno 'kuporomoka'?"

"Hapana, lakini..."

"Basi nashukuru. Naomba iandikwe kwamba shahidi alitoa mlio."

Bwana Venter, meneja wa kiwanda, alicheka chini chini kando ya wakili wake. Bi. Mahlangu alivaa miwani, akamtazama Kagendo bila ubaya, akasema, "Mkalimani, tafadhali, maneno ya shahidi tu. Usiongeze."

Kagendo alighadhibika. Asiongeze! Kila mtu anayezungumza Kiswahili, kuanzia Bujumbura mpaka Lamu, ukimwambia kitu kimeanguka pu, anaona kabisa kitu kizito, kimekwenda chini mara moja, kimetua. Angemwambia nini huyu mama? Hugues alikuwa akimtazama kwa wasiwasi, kwa kuwa hakuelewa Kiingereza chao chote.

"Wamesema nini, Madamu?"

"Wamesema umetoa mlio."

Epiphanie, ambaye hakupaswa kuzungumza, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mlio? Mkono umeungua halafu wanasema mlio?"

"Mama, tafadhali," mwenyekiti alisema, ingawa hakuna aliyemtafsiria.

Ikafika zamu ya Bwana Venter. Alieleza kwa Kiingereza kwamba kampuni yake inawajali wafanyakazi. Mwezi mmoja kabla ya ajali, walimwita fundi kutoka Japani, zilikotengenezwa mashine zile, aje azikague. Kazi ilipoisha fundi alimwambia kwamba mashine namba nne ina kelele. Venter hakudharau. Alichukua hatua siku ileile.

"Hatua gani?" mwenyekiti aliuliza.

"Tuliwapa wafanyakazi wote wa upande ule vizibo vya masikio."

Kagendo akamtafsiria Hugues kwa sauti ya chini. Hugues akatikisa kichwa polepole. "Ni kweli, walitupa. Vya njano. Tulidhani ni zawadi."

Kisha skrini ukutani ikawashwa, na Bwana Morita akatokea, akiwa ameketi katika karakana yake kule Japani. Alikuwa mzee mwembamba mwenye ovaroli safi. Baraza lenyewe ndilo lililoomba ahojiwe. Aliinamisha kichwa kuwasalimu, akangoja.

Bi. Mahlangu akamuuliza: alipoikagua mashine namba nne, aliona nini?

Morita akajibu bila kusita. Alisema bamba la juu la mashine ile hutakiwa kushuka *suu*. Lakini lile lilikuwa linafanya *gakun*. Alimwambia meneja hivyo hivyo, kupitia kijana wa hoteli aliyejua Kijapani kidogo, kwamba ni gakun, na kwamba isitumike mpaka vali ibadilishwe.

Kagendo alijua maneno yote mawili yana maana gani. Akatafsiri: bamba linatakiwa kushuka kwa ulaini, moja kwa moja bila kukwama, lakini lilikuwa linakatika na kudondoka kwa ghafla. Alimwambia meneja kwamba mashine isitumike.

"Napinga!" Coetzee alikuwa amesimama. "Mwenyekiti, tumerudi palepale. Shahidi amesema 'gakun'. Hata mimi nimesikia, gakun, ni mlio wa mashine. Ni kelele. Meneja aliambiwa kuna kelele, naye ameeleza hivyo hivyo. Na hilo la mashine isitumike, yule kijana wa hoteli hakulifikisha. Sasa huyu mkalimani, kwa mara ya pili leo, anageuza mlio kuwa ushahidi. Na sishangai. Yeye na mlalamikaji wanazungumza lugha moja, wametoka upande mmoja wa Afrika. Naomba abadilishwe."

Ndipo Kagendo aliposahau kwamba mkalimani hana sauti yake mwenyewe.

"Niseme, Mwenyekiti?" Hakungoja jibu. "Huyu wakili alinikuta korido kabla ya kikao. Aliniambia, mzee akitoa sauti mimi niseme 'kelele' tumalize kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa amekwisha kuamua maana ya maneno ya shahidi kabla shahidi hajafungua mdomo! Na kama ni upande wa Afrika, mimi kwetu ni Meru, huyu bwana kwao ni Burundi, kati yetu kuna nchi nzima na ziwa. Ningekuwa nampendelea mtu kwa sababu ya lugha, Bwana Morita naye angekuwa mjomba wangu."

Bi. Mahlangu aligonga meza kwa kalamu.

"Nyote wawili, kaeni chini. Bwana Coetzee, hayo ya korido tutayazungumza baadaye. Mkalimani, wewe huwezi kuwa shahidi. Siwezi kukuuliza neno la Kijapani lina maana gani nikaandika jibu lako."

Kagendo alikaa. Alijua mwenyekiti yuko sahihi, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Kanuni ilikuwa nzuri, na ndani ya kanuni hiyo nzuri mtu alikuwa anapoteza haki yake. Akatafuta njia, akaiona.

"Naomba ruhusa," alisema kwa sauti aliyojitahidi kuituliza, "nimwombe shahidi mwenyewe aeleze neno lake. Mkalimani anaruhusiwa kuomba ufafanuzi."

Mwenyekiti akafikiri. "Ruhusa."

Kagendo akamwambia Morita kwa Kijapani kwamba hapa kuna watu wanaosema gakun ni kelele, na je, anaweza kuwaeleza?

Mzee hakuelewa swali mara ya kwanza. Kagendo akarudia. Uso wa Morita ukabadilika. Hakupandisha sauti, lakini mashavu yalimwiva, na alipozungumza aliyakata maneno mafupi mafupi. Akasimama, akarudi nyuma ili waione mikono yake yote. Aliweka mkono wa kushoto umelala wazi, na wa kulia juu yake. Akaushusha ule wa juu polepole, sawasawa, bila kutoa sauti yoyote.

"Suu," alisema alipomaliza.

Akauinua tena. Akaanza kuushusha vilevile, polepole, halafu katikati ya njia akauachia ukaporomoka. Hata hapo haukutoa sauti, maana aliusimamisha kabla haujagusa.

"Gakun," alisema.

Kisha akaongeza maneno, na Kagendo akayasikiliza mpaka mwisho. Alitafsiri moja moja, taratibu, bila kuongeza hata herufi.

"Shahidi anasema: gakun si kitu nilichokisikia. Siku ile nilikuwa nimevaa vifuniko vikubwa vya masikio, kwa sababu kiwanda kile kina kelele sana, nisingeweza kusikia mashine moja. Gakun ni kitu nilichokiona kwa macho. Ndivyo bamba lilivyokwenda. Nilimwonyesha meneja kwa mikono, kama nilivyowaonyesha ninyi sasa. Mara tatu. Meneja alicheka, akafanya vilevile kwa mikono yake, akasema gakun, gakun. Nikajua ameelewa. Nikamwonyesha pia swichi ya kuizima, nikaizima mwenyewe, nikaweka mikono yangu hivi."

Kwenye skrini Morita alikuwa amepishanisha mikono yake kifuani, alama ya X kubwa ya kukataza.

Hakuna aliyecheka. Bi. Mahlangu akamgeukia Bwana Venter. "Alikuonyesha hivyo?"

Venter alimtazama wakili wake. Wakili alikuwa anatafuta kitu kwenye begi.

"Eish," Venter alisema mwishowe. "Alikuwa anafanya mikono mikono. Nilidhani anatania."

"Na mashine uliikuta imezimwa?"

"Ilikuwa imezimwa, ndiyo. Tulikuwa na mashuka ya hoteli mbili yanasubiri."

Kagendo alimtafsiria Hugues kila neno. Hugues alisikiliza ameinamisha kichwa, na ilipofika kwenye mashuka yanayosubiri, alifunga macho. Epiphanie alimshika ule mkono mbovu, akaupandisha mezani, akauweka wazi mbele ya meneja. Venter akatazama dirishani.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki chache. Kufukuzwa kwa Hugues kulifutwa. Kampuni ilikaripiwa kwa sababu ilikuwa imeambiwa hatari iliyopo na haikujali. Mashine namba nne isiwashwe tena. Hugues alimwita Kagendo nyumbani kwao La Rochelle, chumba kimoja cha kupanga nyuma ya spaza, duka dogo la mtaani, na Epiphanie akapika maharage na ndizi kiasi cha kulisha harusi. Hugues alikuwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo. Alisema kwamba harudi kiwandani hata wakimbembeleza. Ameshaongea na Shehe, rafiki yake Mtanzania mwenye kibanda cha simu, waanze kuuza pamoja.

Kagendo ndiye aliyekuwa akila kwa shida. Alikuwa amesoma uamuzi ule na kuurudia.

"Madamu, tumeshinda," Hugues alimwambia. "Mbona uso ni kama wa msibani?"

"Wamemwandika Morita ukurasa mzima," alisema Kagendo. "Suu yake ipo, gakun yake ipo, na mikono yake imeelezwa. Wewe wamekuandika mstari mmoja. 'Mlalamikaji alitoa mlio.' Kaka Hugues, ulisema jambo lilelile, tena wa kwanza, tena mkono ni wako! Kwa nini ilibidi litoke Japani ndipo lisikike?"

Hugues alisogeza sahani yake. "Mimi nilizoea," alisema.

"Ndiyo yaniudhiyo. Usizoee."

Epiphanie akamwongezea ndizi bila kumuuliza. "Mwache akasirike," alimwambia mumewe. "Wewe hukuweza, mwache akusaidie."

Kagendo hakuishia kukasirika. Aliliandikia baraza akitaka ule mstari usahihishwe, akieleza kwamba katika Kiswahili pu si mlio wa kupuuzwa. Kabla jibu halijaja, Jeff alimwita ofisini.

Jeff hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha chai, akamwuliza habari za chuo, halafu akakohoa. "Wakili Coetzee ameleta malalamiko. Anasema ulimvunjia heshima mbele ya kikao, ukatoboa mazungumzo ya faragha. Ofisi yake inatupa kazi nyingi, Kagendo. Wanataka waraka mdogo tu wa kuomba radhi."

"Niombe radhi kwa lipi?"

"Kwa lugha uliyotumia."

"Lugha niliyotumia!" Kagendo alisimama, kikombe kikayumba. "Jeff, mtu alinipigapiga begani akaniambia nimdanganyie kikao. Nimesema ukweli huo mbele ya watu. Wewe ulitaka nikae nao rohoni mpaka mkono wa mwingine uende?"

"Nilitaka uwe mkalimani. Tunatafsiri, tunaondoka."

"Nilitafsiri. Ndiyo shida yao."

Jeff alisugua paji la uso. Alisema anamwelewa, lakini bila waraka ule hataweza kumpangia kazi kwa sasa, mambo yapoe kwanza. Kagendo akamwambia yasipoe kwa ajili yake. Akachukua mkoba wake, akashuka ngazi badala ya kungoja lifti, na alipofika barabarani alikuwa bado anaongea peke yake, hata kijana anayeuza chaja kwenye robot, taa za barabarani, akamuuliza, "Mama, uko sharp, uko sawa?"

"Siko," alimjibu, akavuka.

Simu ililia kabla hajafika upande wa pili. Ilikuwa namba asiyoijua. Mwanamke alijitambulisha kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Lubumbashi: aliitwa Murielle, alifanya kazi kulekule kiwandani, na namba hii amepewa na Epiphanie.

"Madamu, wameizima ile ya nne," alisema. "Lakini mimi niko kwenye namba mbili. Tangu juzi bamba halishuki vizuri. Linakuja, linasita, linakuja. Nimemwambia meneja, ameniambia nivae vile vya njano. Sisi wa upande huu tumekubaliana, leo mchana hakuna anayeigusa. Tunakaa chini mpaka waje wakaguzi. Lakini tukiwaeleza wakubwa hawatusikilizi. Wanasema tunapiga makelele. Utakuja?"

Kagendo alitazama saa. Darasa lake lilikuwa saa kumi.

"Usiwaambie kwa mdomo tu kwamba inasita," alisema, akageuka kuelekea stendi ya teksi za Doornfontein. "Ngoja nifike. Wakija, nyosheni mikono, wote pamoja, muwaonyeshe inavyoshuka. Mimi nitasema kwa Kiingereza kile mnachosema, na atakayeniambia naongeza, leo atanitambua."